Kufuli ya Saba

Asubuhi ya kuwasha laini ya stima niliamka kabla ya simu kulia. Nikahakikisha nimefunga gesi, nikatoka, nikarudi kuhakikisha tena. Nilikuwa nimepanga chumba Nunguni, na mwezi wa saba Nunguni ni mahali ambapo unaweza kufungua mlango usione ua wako mwenyewe. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye ngazi kama mtu aliyekuja kunisubiri.

Kampuni yetu makao yake makuu yako ng'ambo, katika mji ambao mimi nimeuona kwenye simu tu. Haiuzi stima wala haimiliki nguzo hata moja. Inachora, inajenga, inapima, inakabidhi, kisha inaenda kwingine. Mwaka huo "kwingine" lilikuwa ndilo neno lililosikika zaidi ofisini Nairobi. Ukutani kulikuwa na ramani yenye pini za rangi, na mkurugenzi wetu wa Kenya alipenda kusimama mbele yake akiongea. Ndiye aliyenifanya kiongozi wa kikosi nikiwa sina hata mwaka mmoja kazini. Alisema nina jicho. Mimi nilijua nina wasiwasi tu, ila kwenye karatasi vitu hivyo viwili vinafanana.

Aliniahidi hivi: laini ya kutoka kituo chetu kidogo cha stima cha Nunguni hadi Matiliku ikiwashwa siku hiyo saa sita mchana, wageni kutoka makao makuu wakitazama kwenye skrini Nairobi, basi kampuni ingefungua ofisi Kitui na mimi ningeiongoza. Kitui ni kwetu. Mama alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kanisani.

Tulikuwa sita. Kulikuwa na fundi mkuu, mtu wa Kasikeu, ambaye alikuwa amepanda nguzo tangu kabla sijazaliwa. Kulikuwa na mafundi watatu wa kupanda, na dereva, ambaye familia yake ilisafirisha ng'ombe kutoka kaskazini na ambaye alilalamikia baridi ya Nunguni kila siku kana kwamba sisi ndio tulioileta. Na mimi.

Kazi yetu ina sheria moja kubwa kuliko zote. Kila mtu ana kufuli yake nyekundu, na ufunguo wake mmoja tu. Kabla ya kugusa laini unatundika kufuli yako kwenye mkono wa swichi kuu, ambao uko kwenye nguzo ya kwanza, nje ya ua wa kituo. Ukimaliza unakuja kuitoa wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mradi kuna kufuli inayoning'inia pale, mkono wa swichi hauwezi kuvutwa na stima haiwezi kupita.

Vitabu vya kampuni vilitaka pia kiongozi ahesabu watu asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilipoanza kuhesabu kwa kidole, fundi mkuu alinishusha mkono.

"Mwiitu," akaniita kama binti yake, "watu hawahesabiwi, ni mkosi."

"Fundi, ni sheria ya kampuni."

"Sheria inataka kujua kama tuko. Zile kufuli zitakwambia. Wewe hesabu vyuma, utuache sisi."

"Kwetu hata ngamia hahesabiwi," dereva akaongeza. "Na ngamia hana roho nyepesi kama ya huyu fundi."

Basi nikawa nahesabu vyuma. Asubuhi ile, saa mbili, zilikuwa sita. Nilihesabu mara nne.

Tulifanya vipimo vya mwisho hadi saa tano, vyote pale kituoni na kwenye nguzo zilizo karibu, tukapumzika mara moja kwa chai. Kisha tukarudi kwenye swichi na kila mtu akatoa kufuli yake. Mafundi watatu walitoa, dereva akatoa, fundi mkuu akatoa, nami nikatoa ya mwisho.

Haikuwa ya mwisho. Ilibaki moja.

Haikuwa nyekundu wala haikuwa na namba. Ilikuwa kufuli ndogo ya shaba, ya zamani, ya aina inayofunga sanduku la bati. Vyuma vyote vingine vilikuwa vimelowa ukungu, lakini ile, nilipoigusa, ilinata. Nilinusa vidole vyangu. Kulikuwa na harufu ambayo niliijua kutoka nyumbani kwa nyanya yangu Kitui, ila sikuweza kuikumbuka ni ya nini, na kutoikumbuka kulinitisha kuliko kufuli yenyewe.

"Nani anacheza?" nikauliza.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua si mzaha, kwa sababu vijana wale walicheka kila kitu.

Niliwatuma fundi mkuu na dereva waende na gari kando ya laini yote hadi Matiliku na kurudi. Nilibaki na wale watatu tukiitazama kufuli. Ukungu uliziba laini kuanzia nguzo ya tatu. Nyaya zilitoka kwenye kituo, zikapanda kidogo, zikaingia kwenye weupe, na huko ndani sikujua zinashika nini. Kwa miezi minne laini ilikuwa imekufa. Watoto walizoea kuegemea nguzo, akina mama walipita chini yake na kuni. Niliwaza mikono yote iliyowahi kuigusa ile laini bila kupatwa na chochote, na jinsi mikono hiyo isingejua kwamba saa sita imefika.

Simu ikalia. Mkurugenzi.

"Mbona hamko tayari?"

"Kuna kufuli moja imebaki, Madam."

"Ya nani?"

"Hatujui."

"Watu wako wote wako hapo?"

"Wawili wako njiani wanakagua laini. Nimeongea nao sasa hivi. Wote wako salama."

"Basi hiyo si kufuli, ni chuma tu. Kuna fomu yake. Jaza, weka sahihi, kateni."

"Na kama kuna mtu?"

"Hao wanaokagua wameona mtu?"

"Bado. Ukungu ni—"

"Sikukuuliza hali ya hewa." Akashusha sauti, nadhani alikuwa ametoka kwenye chumba cha wageni. "Sikiza. Hawa watu wamesafiri kuja kuona kama kazi hii inaweza kuongozwa na watu wa hapa. Wa hapa. Mimi na wewe. Kiongozi ni mtu wa kuamua. Usinitie aibu."

Gari lilirudi saa sita kasoro dakika chache. Fundi mkuu alishuka polepole.

"Tumepita nguzo zote. Chini hakuna mtu."

"Na juu?"

"Juu hakuonekani. Lakini tulizima injini tukaita. Mahali pengi tu. Kimya."

"Kimya mbaya," dereva akasema. "Mahali pale kwenye korongo nilihisi natazamwa. Nikamwambia fundi turudi garini."

"Kulikuwa na harufu ya moshi," fundi akasema. "Lakini hapa kila nyumba inapika."

Nilitoa ile fomu. Mstari wake wa mwisho unasema: ninathibitisha kwamba hakuna mtu yeyote kwenye laini. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu. Kijana mmoja alikuwa ameshaleta mkasi wa chuma, meno yake yakikumbatia shingo ya ile kufuli.

"Bosi, sema tu."

Ninaandika haya nikitamani niseme kwamba nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilikuwa tu mtu yule yule anayerudi kutazama gesi. Niliona sahihi yangu chini ya mstari ule, na nikaona kwamba nitairudia usiku hadi usiku, na kwamba hii, tofauti na gesi, haina mlango wa kurudi kuifungua.

"Toa mkasi," nikasema. "Tunangoja mwenyewe."

"Tungoje nani?" kijana akauliza.

Simu iliita mara tatu. Mara ya kwanza nilijibu, nikasema bado. Zilizofuata niliziacha ziite ndani ya jaketi, zikinitetemesha kifuani.

Saa saba ilikuwa imepita mwenye kufuli alipofika. Tulisikia hatua kwanza, nzito, na kitu kingine kilichofanya nywele za mikono yangu zisimame: mvumo wa chini, ule ule ambao laini hutoa ikiwa na stima. Fundi mkuu aliruka kutazama swichi. Ilikuwa wazi, haipitishi stima. Mvumo ukaja karibu, na kutoka kwenye ukungu akatokea mzee mwembamba, mzinga wa gogo begani, umefungwa gunia pande zote mbili, nyuki wakinguruma ndani.

Hakutusalimia. Aliuweka mzinga mbali kidogo, akauegemeza kwenye jiwe, akaosha mikono kwa nyasi zilizolowa. Kisha akaja, akatoa ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni, akafungua kufuli yake. Harufu ikanijia nikaitambua. Nta.

"Wanangu, asanteni kwa kuningoja," akasema. Sasa aliweza kusema.

"Ulikuwa wapi?" fundi mkuu akauliza, karibu alie.

"Nguzo pacha, pale kwenye korongo. Mlikata mti wangu mkipitisha nyaya. Ningetundika mzinga wapi? Nikautundika kwenye mti wenu." Alisema hivyo bila hasira. "Jana nikasikia ni leo mnawasha. Nikaja nilipoona mko kwenye chai, nikafunga yangu kama wewe binti ulivyofundisha kwenye baraza la chifu, kisha nikaenda kuushusha. Ulisema kila anayepanda afunge yake, na ikiwepo hakuna atakayewasha."

"Lakini tulikuita, Mzee! Tulisimama chini yako tukakuita!"

"Nilisikia. Wewe, kwa lafudhi ni mtu wa Kasikeu; hukufundishwa? Mtu yuko mzingani unamwita, aitike vipi?"

Fundi mkuu aliinamisha kichwa. Alifundishwa. Baadaye aliniambia kwamba hata kwao mtu aliyeshika mzinga hatoi sauti mpaka aufikishe chini na kunawa. Alikuwa ameisahau kwa sababu hakuwaza mzinga, aliwaza stima.

Nilimwomba mzee radhi kwa gari kumpigia kelele.

"Gari halikunisumbua," akasema. "Ila yule aliyekuja nyuma yake, mwambieni asipitepite hivyo."

"Yupi?"

"Wa miguu. Ukungu ulifunguka kidogo nikamwona. Wa helmeti kama zenu. Alisimama chini ya nguzo akaweka kiganja chake kwenye mti wake, hivi. Akakaa. Kisha akashuka na laini, upande wa Matiliku."

Tulitazamana. Fundi mkuu, ambaye hahesabu watu, alinyanyua kidole na kutuhesabu kwa sauti, mmoja mmoja, hadi sita, kisha akajigusa kifua kuhakikisha alikuwa amejihesabu.

Mzee aliinua mzinga wake, akaondoka, na ule mvumo ukaondoka naye hadi ukungu ukaumeza.

Simu ikalia. Nikajibu.

"Imetoka?" mkurugenzi akauliza.

"Imetoka, Madam."

"Asante Mungu. Washa. Wageni wanavaa makoti, lakini bado wako."

Swichi ilikuwa haina kufuli hata moja. Sote sita tulikuwa pale. Kwa sheria zote za kampuni hakukuwa na mtu kwenye laini.

"Hapana, Madam," nikasema. "Tunaitembea kwanza. Kwa miguu."

"Yote?"

"Yote."

Sikusikia akikata. Nilisikia tu mlango, sauti za watu wakiagana kwa Kiingereza, na kisha hakukuwa na kitu.

Tulitundika kufuli zetu upya na kuitembea hadi jioni, nguzo kwa nguzo, tukipiga tochi juu ya kila moja. Pale kwenye nguzo pacha tulikuta majivu ya mwenge wa mzee na nyuki wachache waliopotea. Chini yake, kwenye udongo mwekundu uliolowa, kulikuwa na alama za buti. Dereva alisema ni zetu za jana. Inawezekana. Fundi mkuu aliweka buti yake kando ya mojawapo, akapima kwa macho, akaiondoa. Alama zilishuka na laini, hatua ndefu, za mtu asiye na haraka, hadi penye mwamba ambapo hakuna alama inayoweza kukaa. Hatukumkuta mtu. Matiliku tuliuliza kila aliyekaa barazani kama amepita mgeni mwenye helmeti. Hakuna.

Wiki ile ile mkurugenzi alinipigia na kuniambia ofisi ya Kitui itafunguliwa, ila itaongozwa na mwenzangu wa Nairobi. Hakunigombeza. Alisema nimefanya jambo sahihi na kwamba wageni hawakuliona, na nilisikia kwamba kwake vitu hivyo viwili vilikuwa na uzito sawa. Mama, nilipomwambia kwenye simu, aliniuliza kama yule mzee ni mzima. Nikasema ni mzima. Akasema basi.

Laini tuliiwasha siku iliyofuata matembezi yale. Hakukuwa na skrini wala wageni. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo na niliweza kuona hadi nguzo ya sita. Kila mtu alitoa kufuli yake; mkono wa swichi ukabaki mtupu. Nikaushika kwa mikono miwili, nikavuta. Chuma kikagonga chuma, na nyaya zikaanza kuvuma, kwanza karibu nasi, kisha mbali, kisha huko chini nisikoweza kuona.

Vijana walishangilia. Mimi nilibaki nimeinua shingo, nikimwaza yule wa helmeti.

"Unangoja nini, mwiitu?" fundi mkuu akauliza. "Imekubali."

"Nasikiliza," nikamwambia.

Akaja akasimama kando yangu, akavua helmeti, naye akasikiliza.