Mashua ya Vita Mbele ya Baraza la Bwana Shauri

Niliondoka Mombasa kwa sababu Bwana Shauri, Mzungu wa serikali huko Msambweni, alitaka fundi wa vyombo. Mashua ya askari ilizama karibu na mwamba wakati wa vita. Alitaka itolewe, ihifadhiwe na iwekwe mbele ya baraza lake, wageni waitazame wakinywa chai.

Likoni nilivuka kwa pantoni, nikadandia lori la nazi. Hadi Msambweni nazi zilikuwa zimenikalia zaidi kuliko nilivyozikalia.

Nilifikia kwa Bi Mwanaisha, mjane mvuvi wa pweza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashua hiyo uliyoijia ndiyo nyumba ya pweza wangu. Mkiitoa, wanangu watakula nini?"

"Ni amri, mama."

Alinimiminia chai. "Haya, itoeni. Lakini chombo cha mbao hupakwa sifa. Au Mombasa mmeacha?"

Hatukuacha. Sifa ni mafuta ya maini ya papa, na uvundo wake hufukuza hata mbwa. Nilimtazama usoni, naye akatazama kikombe.

"Nipake kiasi gani?"

"Mpaka ishibe."

Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalipotoka, tuliifunga mapipa matupu; maji yalipojaa, ikaelea. Kijiji kizima kiliivuta kwa magogo hadi barazani. Nilimweleza Bwana Shauri ukweli mtupu, kwamba hivi ndivyo wazee wetu walivyohifadhi vyombo. Alifurahi sana, akaniamuru nipake mara mbili. Mimi ni nani hata nimkatalie?

Jua lilipopanda, nzi walifika kabla ya wageni. Paka wa Msambweni walihamia pale. Mke wa Bwana Shauri alihamia Diani.

"Fundi, harufu hii itaisha lini?"

"Upepo wa kusi ukipita, Bwana, baada ya miezi kadhaa, itapungua."

"Irudisheni."

"Wapi, Bwana?" aliuliza Bi Mwanaisha kwa adabu.

"Mlikoitoa!"

Tuliirudisha mwambani, tukaijaza mawe, ikazama palepale ilipokuwa. Hapo kicheko kilinikauka: je, pweza watakubali nyumba iliyopakwa sifa? Sikuweza kuondoka. Nilingoja bamvua nyingine, nikamfuata Bi Mwanaisha mwambani. Alitia kijiti katika tundu la mashua, akakivuta. Pweza alikuwa amekikumbatia.

Nilirudi Mombasa nikiwa na pweza mkavu kapuni. Kwenye pantoni abiria waliniachia benchi zima. Nilichojifunza ni hiki: Mswahili wa pwani akikuitikia amri upesi, kwa heshima na chai juu yake, muulize kwanza atakavyoitekeleza.