Kofia ya Boksi na Salamu ya Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa Majimoto, nikanunua mchele sokoni kwa mama mmoja, kumbe ni yule niliyekaa naye dawati moja darasa la nne. Alinitambua yeye kwanza. Mimi, ndugu yangu, nilitamani ardhi inimeze.

Unajua ile kofia? Ya shuleni kwetu ilikuwa ya boksi la sabuni, imegandishwa kwa uji wa muhogo, inanuka jasho la vichwa vyetu sote. Ukiteleza ukasema Kipimbwe, lugha ya kwetu, unavishwa, na unabaki nayo mpaka umnase mwingine akikisema. Kengele ya mwisho ikikukuta nayo, ni fimbo nne na kudeki vyoo. Mwalimu alisema ndivyo tutakavyokijua Kiswahili. Nyumbani hakuna aliyekijua vizuri, bibi yangu ndiyo kabisa.

Siku moja kofia ilinipata asubuhi. Mchana nikamwona bibi anapita kando ya kiwanja na kapu lake, anatoka majarubani kwenye mpunga. Shetani gani aliniingia, sijui. Kofia nilishaivaa, sikuwa na cha kuogopa, nikamwita kwa Kipimbwe na kumwomba amsalimie rafiki yangu, huyu huyu wa dawati langu.

Kwetu mtoto akisalimiwa na mkubwa anapiga goti na kuitikia, hana ujanja. Akapiga goti, akaitikia kwa Kipimbwe, taratibu, kama alivyofunzwa kwao. Bibi alipogeuka tu nikamvisha kofia. Fimbo mbili alizivumilia. Ya tatu ndiyo iliyomliza.

Tangu hapo, bibi akimsalimia njiani, yeye anainamisha kichwa na kupita kimya. "Mwenzio ana kiburi," bibi aliniambia jioni moja akisonga ugali. "Kwao hawakumfunza. Usitembee naye." Nilikuwa namenya karanga. Niliendelea kumenya. Bibi alikufa akiamini hivyo.

Siku hizi kofia zile hazipo, mwalimu alihama zamani, na wanangu hawajui hata salamu moja ya Kipimbwe.

"Bibi yako mzima?" aliniuliza akinipimia mchele. Nikamwambia alishafariki.

"Pole sana. Nilikuwa nashindwa kumwitikia, unajua. Sijui alinionaje."

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hiyo hiyo.

"Alikupenda sana," nikamwambia.

Akafurahi kweli. Akachota bakuli moja zaidi, la bure, nami nikamfungulia mfuko.