Mchezaji wa Pili

Fundi cherehani wa mlango wa pili huja kwenye ukumbi wetu wa michezo saa ya chakula, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni na pini zimejaa kwenye ukosi. Huvua ndala, kisha hucheza kwenye mashine zetu mbili za dansi. Ile ya zamani ina vibao sakafuni vinavyohisi miguu. "Hii haina makuu," huniambia mimi muuza tiketi, akikanyaga huku amekunja uso makusudi. "Hata ukinuna inakusifu." Mpya ina kamera inayomtazama mtu mwili mzima, mpaka mabega. Hiyo yeye huiita mama mkwe, maana hapitwi na kitu. Mikono ya fundi huenda mbele tu, kama anayesukuma kitambaa chini ya sindano, na mama mkwe humpa alama za kumwonea huruma.

Jana alikuja amevaa gauni jipya, pana kwelikweli. Muziki ulipokolea akazunguka mbele ya kamera, gauni likafunguka kama mwavuli, na kioo cha mashine kikaandika: "Mchezaji wa pili, karibu!" Akageuka kuangalia nyuma. Hakukuwa na mtu. Akazunguka tena, alama za gauni zikapanda, na ukumbi mzima ukaacha michezo yake ukaja kulishangilia. Matokeo yakatoka: mshindi, mchezaji wa pili. Nilidhani atanuna. Akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akilipapasa pindo lake.

"Limenishinda, dada," akasema. "Na nimelishona mwenyewe!"