Nyanya Zilizong'atwa Mara Moja

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na watoto wameniudhi kwa kila namna, lakini sijawahi kumkasirikia mtoto kama nilivyowakasirikia watu wazima wa mtaa wetu hapa Bwera msimu ule wa nyanya. Hasira hiyo ninayo hadi leo. Mdogo wangu huniambia yaliyopita yamepita, niachane nayo. Siachani nayo.

Nyuma ya nyumba yangu kuna kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa darasa. Kila mwaka nilipanda nyanya pale nikavuna majani. Mvua ilileta ukungu, mashina yakawa meusi, na matunda machache yaliyotoka yalitobolewa na viwavi kabla hayajaiva. Nilikuwa nimeshahamia kwenye maharage alipokuja mpangaji wangu.

Alikuwa mjane wa rika langu, kutoka upande wa Butembo, Kongo, ng'ambo ya mpaka. Alivuka na godoro na sufuria mbili baada ya kijiji chao kuchomwa. Nikampa chumba cha uani. Asubuhi alikaanga mandazi akayauza kando ya barabara, na kufikia saa tano alikuwa amerudi nyumbani. Wiki ya kwanza tu alisimama mlangoni pake, akaitazama bustani yangu kwa muda, akasema, "Mwalimu, hapa tomate inaweza kuzaa sana. Ni weye unaipanda mubaya."

Hata mkaguzi wa shule hajawahi kuniambia maneno kama hayo. Nilicheka, nikampa jembe.

Alinifundisha kazi upya. Miche tuliiotesha kwenye maganda ya mgomba, tukaihamisha ikiwa na kimo cha kiganja. Tulizungushia majivu chini ya kila shina. Tulisimika matete, tukafunga mashina kwa kamba za migomba, na kila asubuhi alipita akivunja kwa kidole vile vichipukizi vinavyoota kwapani mwa majani, maana alisema vinanyonya nguvu bure. Maji tulimwaga chini, kamwe si juu ya majani. Mimi nilikuwa nikimwagilia kama mvua, nikijiona hodari.

Bustani iliposimama, wageni wakaanza kuja. Chura mkubwa alifanya makao chini ya beseni bovu, na nilipotaka kumtupa mpangaji wangu akanizuia, akasema huyo ni mfanyakazi asiyedai kitu, anakula wadudu. Nyuki wakubwa weusi walining'inia kwenye maua wakiyatikisa kwa kelele. Kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye mikia mirefu, walidonoa zilizoiva, na tukakubali kuwaachia kidogo. Siku moja tulimkuta kinyonga kwenye tete. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alitema mate chini akakimbia. Mpangaji wangu aliendelea kufunga kamba karibu naye, akimsemesha kwa Kinande, lugha ya kwao, polepole, kama unavyomsemesha mgonjwa.

Upande wa pili wa ua wa miti aliishi askari mstaafu. Mtaa mzima ulimwita afande, na yeye alitaka iwe hivyo. Shamba lake la nyanya lilikuwa kubwa kuliko langu mara tatu, lakini lilikuwa mbali na jiko lake, kule mwisho karibu na mikaratusi ya kijito. Nyanya zake zilipoanza kupotea, hakwenda kukaa shambani kuangalia nani anazichukua. Alikuja uani kwangu.

Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nilikuta unga umemwagika, nguo za mpangaji wangu ziko nje juu ya mchanga, na yeye amekaa kwenye kigoda akizikung'uta moja moja. Sufuria yake ya mchuzi haikuwapo. Mke wa muuza duka, aliyeshuhudia akiwa barabarani, ndiye aliyenieleza. Afande alisimama uani akapiga kelele, "Wewe, toka nje. Fungua mfuko. Leta hiyo sufuria." Alipoona mchuzi mwekundu akasema ushahidi umepatikana, akaenda nao.

Mchuzi wenyewe ulikuwa wa nyanya zangu. Nilimpa mimi, kwa mikono yangu, usiku uliotangulia.

Nikamwambia mpangaji wangu asihangaike, nitalizungumza mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akainama akaendelea na nguo zake. Nami nilikuwa na haraka ya kwenda kugombana.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao Jumamosi barazani kwake. Kabla ya siku hiyo niliokota ushahidi wangu. Upande wangu wa ua, chini ya miti, nilikuta nyanya nne za kijani kutoka shamba la afande, kila moja imeng'atwa mara moja tu na kutupwa. Mimi nimezaliwa Kilembe, kwenye nyumba za mgodi, mahali ambapo mlima unaanzia dirishani. Nimekua nikipigania ugali na tumbili. Alama ya meno yao naijua kama mwandiko wangu.

Kikaoni nilizipanga zile nyanya juu ya meza ya mwenyekiti.

"Mtu mwenye njaa," nikasema, "haibi nyanya mbichi, akaing'ata mara moja, akaitupa. Hawa ni tumbili."

"Mwalimu," mwenyekiti akajibu kwa upole wa kunifundisha, "tumbili wako mbugani kule, na wana walinzi wao wa serikali. Hapa Bwera ni mjini."

"Wanashuka kwa kijito."

"Nani amewaona?"

Sikuwa nimewaona. Nilisema ukweli kwamba sikuwaona. Afande akasimama, akaeleza habari ya sufuria. Nikasema mchuzi ni wangu. Mtu mmoja nyuma akasema mwalimu ana huruma na Wakongo, watu wakacheka. Kikao chote kiliendeshwa kwa Lukonzo, lugha yetu, ambayo mpangaji wangu aliielewa neno kwa neno, maana Kinande na Lukonzo ni lugha moja iliyokatwa katikati na mpaka. Babu zetu na babu zake walioana. Lakini walimzungumzia mbele yake kama kiti.

Uamuzi ulikuwa kwamba "kwa ajili ya amani" nimtoe nyumbani kwangu kabla ya wiki kwisha. Nikawaambia nyumba ni yangu na hatoki. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Sikujua kuna njia nyingine za kumtoa mtu. Kwenye bomba la maji walimrudisha mwisho wa foleni kila zamu yake ilipokaribia. Mandazi yake hayakununuliwa tena. Alirudi nayo saa sita, tukayala mimi na yeye. Siku ya tisa nilimkuta amefunga godoro.

"Nitaenda Kasese," akasema. "Kule kwa soko iko mama wa kwetu. Weye endelea kuvunja vichipukizi, usisahau."

Sikumzuia vya kutosha. Hilo nalo linaniudhi.

Na sasa sikilizeni akili za watu. Mwizi ameondoka, yuko Kasese, lakini nyanya za afande ziliendelea kupotea. Mtaa ukafikiri upya? Hapana. Afande akasema Mkongo aliacha wenzake. Na zangu, ambazo hazijawahi kuguswa na kitu kikubwa kuliko kuzumburu, zikaanza kupotea pia, zote mchana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwanamke yule, kwa kukaa tu uani saa zile akipepeta unga, ndiye aliyekuwa mlinzi wa bustani yangu.

Jumapili moja malaria ilinilaza, sikwenda kanisani. Karibu na saa sita nilisikia matete yakivunjika. Nikavuta pazia. Walikuwa kumi na wawili, labda zaidi, manyoya ya kijivu na nyuso nyeusi. Mama mmoja mwenye kichanga kilichong'ang'ania tumboni alikaa juu ya nguzo ya ua akigeuza nyanya mikononi, kwa uangalifu, kama mnunuzi sokoni. Akaing'ata mara moja. Akaitupa. Akachukua nyingine. Dume kubwa lilikuwa shambani kwa afande, limejaza mashavu yote mawili na kukumbatia nyanya tatu kifuani, likirudi mikaratusini kwa miguu miwili.

Nitasema kweli, walikuwa wazuri. Sikuwakasirikia hata kidogo. Wanyama wamezungukwa na mashamba pande zote, na nyanya ni nyanya. Hasira yangu ilikuwa inaelekea kanisani.

Kanisa liko nyumba mbili tu kutoka kwangu. Nilijifunga kanga juu ya gauni la kulalia, nikaenda nikishika kuta. Watu ndio kwanza walikuwa wanatoka. Nikamshika mwenyekiti mkono wa koti, na afande nikamwambia, "Afande, mwizi wako yuko shambani sasa hivi. Njoo umkamate." Alikuja mbio. Walikuja watu kama ishirini, wamevaa za Jumapili.

Tumbili hawakukimbia mara moja. Walitutazama kwanza. Yule mama wa nguzoni alimaliza kutafuna. Afande akaokota jiwe akalirusha, nao wakapanda mikaratusi bila haraka.

"Kumbe," akasema mwenyekiti.

Nilisubiri. Nilifikiri neno linalofuata litakuwa la kuomba radhi. Lakini alitoa simu akapiga picha nyayo, akasema, "Hili ni jambo kubwa. Tuandike barua kwa watu wa wanyamapori. Tuitishe kikao." Watu wakaanza kuhesabu hasara zao kwa sauti, mahindi ya huyu, mapapai ya yule, ghafla kila mtu alikuwa ameshawahi kuhisi kuna tumbili.

"Na yule mama?" nikauliza.

"Mama gani?" akasema afande.

"Mpangaji wangu."

"Si alishaenda?" akasema mwenyekiti, na kugeukia picha zake.

Homa iliponiacha nilikwenda Kasese. Nilimkuta sokoni, ana meza yake ndogo ya nyanya na vitunguu, nyanya zimepangwa mafungu ya tano tano. Alifurahi kuniona, akanifutia kigoda. Nikamsimulia yote kwa pupa, tumbili, kanisa, jiwe, nikitegemea ataangua kilio au atacheka. Aliendelea kupanga nyanya.

"Najua," akasema. "Makako. Niliwaonaka tangu mwanzo. Kila saa sita beko banashuka kwa miti."

"Uliwaona? Kwa nini hukusema?"

"Nilimwambia afande. Ile siku alikuja kunimwangia unga, nilimwambia, papa, ni makako banakula tomate yako, kuja nikuonyeshe. Akaniambia funga kinywa. Bibi yake alikuwa pale kwa ua, alisikia."

"Na mimi? Mbona mimi hukuniambia?"

Akaniangalia, si kwa ukali. "Weye haukuniuliza, mwalimu. Ulisema utazungumza mwenyewe."

Hapo nikakikumbuka kile kikao cha barazani. Nilisimama mbele ya kikao kizima na nyanya nne na hotuba, nikajibishana na mwenyekiti, nikasema sikuwaona, na shahidi aliyewaona kwa macho yake alikuwa amekaa nyuma yangu hatua mbili. Hakuna aliyemgeukia. Wala mimi. Nilimwomba msamaha pale pale. Akasema, "Aya, imeisha," akanifungia vitunguu nipeleke nyumbani.

Kikao cha tumbili kilifanyika wiki iliyofuata. Kilikuwa na watu mara mbili ya kile cha kwanza. Mwenyekiti alisoma rasimu ya barua, watu wakaongeza mapapai yao. Aliposema kama hakuna lingine tufunge, nikasimama nikasema lipo. Nikaeleza kwamba afande aliambiwa habari za tumbili siku ile ile aliyovunja heshima ya uani kwangu, na aliyemwambia ni mwanamke mliyemfukuza, na afande alikaa kwenye kikao akijua.

"Uongo," akasema afande. "Hakuniambia kitu."

Mke wake alikuwa amekaa na wanawake upande wa mlango. Ni mtu mpole ambaye katika miaka yote ya ujirani sikumbuki kumsikia akisema mbele za watu. Alisimama, mikono imekunjwa kwenye kitenge.

"Alimwambia," akasema. "Nilikuwa kwenye ua. Nilisikia."

Akakaa. Afande alichukua kofia yake akatoka. Nami nilifurahi kuliko inavyonipasa.

Barua ilipelekwa. Alikuja kijana wa wanyamapori mwenye pikipiki, akatushauri tuwe na mtu wa kukaa bustanini mchana. Siku hizi nafunika nyanya zangu kwa chandarua kuukuu, tumbili wanachukua zilizo pembeni, chura yupo. Mpangaji wangu hakurudi, na simlaumu. Nikienda Kasese nampitia. Meza yake imekua, na yeye huniuliza kwanza kama navunja vichipukizi.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni mwenyekiti. Alinisimamisha njiani juzi, tunasalimiana vizuri tu, akaniuliza kama huwa naonana na yule Mkongo. Nikamwambia naonana naye.

"Mwambie anaweza kurudi wakati wowote," akasema. "Tulikaa, tukaona tumsamehe."

Nilimwuliza wamemsamehe nini. Akafikiri kidogo, kwa dhati kabisa, kisha akasema ni mambo ya zamani, tusianze tena. Nikamwambia ujumbe huo akaufikishe mwenyewe, soko analijua lilipo.