Kidole kimoja kwenye kamba ya buluu

Saa tatu asubuhi umande umekwisha kukauka, na Kasmiri Ngassa yuko juu ya mgunga, urefu wa watu watatu kutoka ardhini, amekumbatia shina kwa mkono mmoja. Mkono mwingine unavuta kamba ya buluu. Anaivuta, anaifunga, anaifungua, anaivuta tena.

"Hicho kijiti cha nane amekifunga mara tano," anasema Athanasi, mwenzake anayempokeza vifaa kutoka chini. "Zamani angekuwa ameshamaliza mti mzima na anatuomba ugoro."

Kasmiri anakikaza tena. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na huu ni mti wake wa kwanza tangu Septemba mwaka jana.

Kazi yake haina jina rasmi kwenye karatasi za kampuni ya uwindaji wa kitalii iliyomwajiri. Wenzake humwita fundi vipago. Vipago ni vijiti vya kukanyagia, vigumu, urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko. Hulazwa kwenye shina kimoja juu ya kingine, na kila kimoja hushikwa kwa kamba inayozunguka mti mara mbili, kuuma kijiti ncha zote mbili na kuishia kwenye fundo. Mgeni mwenye bunduki hupanda vipago hivyo hadi kwenye dungu, akakaa kumngojea chui ajaye kula nyama iliyotundikwa mti wa pili. Misumari hairuhusiwi, kwa kuwa mlio wa nyundo humfukuza chui siku tatu.

"Fundo likikosea, mtu anashuka bila kuaga," anasema Kasmiri anapokanyaga ardhi. Anacheka kidogo, kisha anageuza uso.

Mtu aliyeshuka bila kuaga ni shemeji yake, Salu, mdogo wa mkewe Felisita.

Wote ni watu wa Nkololo, wilayani Bariadi. Kasmiri alijifunza kufunga vipago kwa baba yake, aliyepanda miti kufuata asali na kuvizia swala kwenye maji. Wakati huo kamba ilikuwa ngozi ya ng'ombe, ikichanwa mbichi na kufungwa ikiwa bado na maji.

"Ngozi ikikauka inajivuta yenyewe," anaeleza. "Ukiikaza sana leo, kesho inakatika. Kwa hiyo unaacha nafasi ya kidole kimoja, jua linamalizia kazi. Baba alikuwa anakuja nyuma yangu, anapitisha kidole. Kisipopita, ananichapa."

Maisha yake yalikuwa pamba. Chama cha ushirika kilipoanza kuchelewesha malipo msimu hadi msimu, na pori likagawiwa kampuni binafsi, aliona heri apande miti kwa shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi, Julai hadi Desemba. Alimchukua na Salu. Kwa misimu miwili walifunga kwa ngozi. Tatizo likawa fisi. Walikuwa wakizitafuna kamba za chini, na wageni walilalamikia harufu.

Biashara ilikuwa imeshakuwa ruksa. Maduka ya Bariadi, ambayo zamani yalikuwa na viberiti na rafu tupu, sasa yalining'iniza kamba za nailoni za kila rangi. Mwaka jana kampuni ilileta marobota manne ya buluu.

"Niliipenda," anakiri. "Laini, haiozi, haina nzi. Nikailoweka ndooni usiku mzima kama ngozi. Asubuhi nikafunga. Nikaacha kidole kimoja."

Hakuna aliyemwambia aache. Ni mkono wake tu, uliofundishwa kwa kiboko miaka thelathini kabla. Lakini nailoni haijivuti juani. Inateleza, na kila inapobebeshwa uzito na kuachiwa, fundo hulegea kidogo.

Asubuhi ile ya Septemba Kasmiri alipanda na kushuka mara mbili, na vipago vikashika. Mchana Salu akapanda kusaidia kuinua mbao za dungu, mgongoni kabeba mzigo. Kipago cha sita kikageuka chini ya mguu wake.

"Sikusikia kelele. Nilisikia pumzi ikimtoka tu, alipofika chini."

Salu aliumia uti wa mgongo. Leo anatembea kwa magongo mawili, na mguu wa kulia umekonda hadi goti linaonekana kubwa. Wenzake pale porini walisema aliteleza. Kasmiri alikuwa ameshapanda kukagua, akapitisha kidole kwenye kamba ya kile kipago, kikapita bila kukwama. Akashuka na kunyamaza. Aliogopa kufukuzwa kazi, na aliogopa zaidi macho ya mkewe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kinachobisha hodi si cha Kasmiri.

Mwezi Juni, baada ya mavuno, Januarius, kaka mkubwa wa Salu, alisafiri kwenda kwa mganga kuuliza kwa nini mdogo wake haponi. Alirudi na jibu kwamba mkono uliomwangusha Salu ni wa mwanamke mzee, wa ukoo, mwenye macho mekundu.

Katika ukoo huo mwanamke mzee ni mmoja, Nyanjige, shangazi yao, mjane asiye na mtoto aliye hai. Macho yake ni mekundu kweli. Amepikia kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini, tangu miti ilipokwisha karibu na kijiji, na moshi haumwachi mtu.

Hakuna aliyemtamkia lolote. Ila asubuhi moja, wiki tatu zilizopita, Nyanjige alikuta ua wake wa minyaa umekatwa upande wa nyuma, pale anapolala. Mwanya ulikuwa wa kutosha mtu mmoja kupita wima. Utomvu mweupe ulikuwa bado unachuruzika.

Kila mtu Nkololo anajua maana ya mwanya wa namna hiyo. Wanawake wazee kadhaa wa vijiji vya jirani walikatiwa ua hivyo, na asubuhi moja hawakuamka.

"Sikulala tena kule," anasema bibi huyo, akiwa amejikunyata jikoni kwa Kasmiri, anakohifadhiwa sasa. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na Felisita anamsaidia. "Huyo Salu nilimbeba mimi, mama yake alipokuwa shambani. Ng'wanone yule, mwanangu kabisa. Nitamroga nipate nini?"

Usiku wa kwanza bibi alipolala hapo, Kasmiri alimweleza mkewe habari ya kidole.

"Nilimtazama muda mrefu," anasema Felisita. "Nilitaka kumpiga, nisiseme uongo. Halafu nikamwambia, wewe nenda ukaseme. Shangazi akichinjwa kwa ajili ya kimya chako, mimi narudi kwetu na watoto."

Kasmiri alianza na Salu. Walikaa mlangoni kwake, magongo yakiwa yameegemezwa ukutani, na alimaliza maelezo bila kuinua kichwa.

"Ungeniambia mapema, shemeji," ndivyo alivyosema Salu. "Miezi kumi nimewaza nilimkosea nani." Kisha akaongeza, "Mimi nakuamini, nilikuwa pale. Lakini kaka hatakuamini."

Alisema kweli. Siku iliyofuata Kasmiri alimwendea Januarius, ambaye alimsikiliza kwa adabu na hata kumkaribisha maziwa.

"Kamba ilikuwa ileile, kipago kilekile," Januarius alimjibu. "Asubuhi kilikushika wewe, tena mara mbili. Mchana kikamwangusha ndugu yangu. Nani aliyekigeuza kati ya asubuhi na mchana? Na sasa yule mama amelala kwako, amekula kwako. Ameshakulisha na maneno."

Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, Januarius hakukana mazungumzo hayo. Kuhusu ua uliokatwa alisema hajui lolote, na kwamba hata yeye ana uchungu, kwani anayelisha familia ya mdogo wake ni yeye.

Ndipo Kasmiri alipotambua kwamba mdomo hautoshi.

Jumapili hii, watu wakitoka kanisani, atafunga vipago sita kwenye mwarobaini ulio kando ya ghala la pamba. Mwenyekiti wa kijiji amekubali kuwapo, na Salu atabebwa kwa baiskeli. Kasmiri atatumia kamba ileile ya buluu, iliyolowekwa usiku kucha. Kila fundo ataliachia nafasi ya kidole, na kidole cha kupima kitakuwa cha Januarius mwenyewe. Atapanda na kushuka mara mbili mikono mitupu, kama asubuhi ile. Mchana atapanda mara ya tatu na mchanga mgongoni, uzito wa mzigo wa Salu, kijiji kione fundo likilegea lenyewe.

Felisita ameanza kukusanya mabua ya mahindi ya kutandaza chini. Mumewe alikataa mwanzoni, akaambiwa ukoo huu hauwezi kulisha viwete wawili.

Alipoombwa achague jina la kubuni kwa ajili ya gazeti, Kasmiri alichukia. "Jina la yule mama linatajwa kila kisimani, halikubuniwa," alisema. "Andika Kasmiri Ngassa, fundi vipago. Andika alikosea."

Kazi porini huenda ikaisha habari hii ikisomwa, na hilo analijua. Kwa sasa bado anafunga, kwa namna nyingine. Nailoni haiiloweki, anaikaza hadi viganja vinachubuka, na juu ya fundo la kwanza anapiga la pili. Kisha anasimama juu ya kila kipago na kuruka-ruka, huku Athanasi akifumba macho pale chini.

Nyuma ya nyumba yake Nkololo, gizani kabla watoto hawajaamka, ameshalijaribu jaribio la Jumapili mara tatu, kwa vipago vya chini visivyoweza kumvunja. Mara ya kwanza fundo lilishika, na mara ya pili likashika. Mara ya tatu kipago kiligeuka, akaanguka na kuchubuka paja. Anasema hajawahi kufurahia kidonda namna ile.

Tunaagana chini ya mgunga, mgeni wa jioni akiwa tayari amefika kambini. Ni lazima Kasmiri aulizwe, na anaonekana alikuwa akilingojea swali. Je, Jumapili, mbele ya kijiji kizima, kipago kikimshika?

Kasmiri anafuta mikono kwenye suruali. Anatazama vipago tisa alivyovifunga asubuhi nzima, hata kimoja hakichezi.

"Basi yule mama nitakuwa nimemuua mimi," anasema. "Miaka yote nikipanda nimekuwa nikisali nisianguke. Wewe ukifika kwako, niombee nianguke."