Saa Tano Niliyoipiga Taipu

Siku hizi mtu akiniuliza saa, naitaja mara mbili. Nasema saa tano, kisha naongeza, ya usiku, ile ya karibu na saa sita. Wanangu hucheka, wanasema mama yao ameanza kuzeeka. Waache wacheke. Wao hawajui kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja niliandika saa tano vibaya, mara moja tu, na mama yangu ndiye aliyeumia.

Mama alikuwa na baa pale Kondele. Usifikirie baa ya taa za rangi. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza sita na viti vya mbao, friji kuukuu ambayo nusu ya wateja hawakuwa na haja nayo kwa sababu walipenda bia moto, na jiko la makaa uani alikokaangia ngege, samaki wa ziwani. Baba alikufa nikiwa darasa la tano. Baada ya matanga ndugu zake walitaka Mama arudi nyumbani akalime, naye akakataa, akasema watoto wake watakula na kusoma papo hapo mjini. Kanisani walimsema sana. Mama mmoja wa maombi alimwambia mbele yangu kwamba pesa ya pombe ina laana, naye akajibu kwamba karo aliyolipa juzi mwalimu mkuu hakuirudisha. Alikuwa na mdomo, Mama. Na pombe yenyewe hakuionja hata siku moja. Kikombe chake kilikuwa cha chai.

Wateja wake walikuwa watu wa kiwandani na wa bandarini. King'ora cha kiwanda kililia saa kumi na moja jioni, na kabla ya chai yangu kupoa meza zote sita zilikuwa zimejaa. Walikula samaki, wakanywa chupa mbili tatu, wakabishana juu ya mpira, wakaenda zao. Kuanzia mchana mpaka king'ora kilie, Mama alifagia na kuparua samaki tu. Biashara yake yote ilianza na mlio ule.

Baa ndiyo iliyonipeleka chuo cha uhazili, na chuo kikanipeleka ofisini. Ilikuwa miaka ya themanini, na kazi ya ofisi ya umma ilikuwa kitu cha kuombewa kanisani. Siku niliyoajiriwa, Mama alinishonea sketi mbili za kijivu na kumwambia kila aliyeingia kwamba binti yake anapiga taipu bila kutazama vidole. Nilikuwa katika miezi ya majaribio. Bosi wangu alikuwa mzee wa suti ya kahawia, mpole kwa sauti lakini mkali kwa karatasi. Mwezi wangu wa kwanza alimfukuza tarishi aliyemwagia chai faili, na yule tarishi alikuwa na watoto wanne. Nilimwona akitoka na mwavuli wake, na nikaogopa mpaka mifupani.

Wakati huo wazazi na watu wa makanisa walikuwa wamelalamika juu ya baa za mitaani. Kweli zilikuwepo baa ambazo milango yake haikujua kufungwa. Basi wenye baa na wakazi wakaitwa ukumbini, wakabishana tangu asubuhi mpaka mchana, na mwisho wakakubaliana saa ya kufunga. Karani aliyekuwa akiandika aliandika kwa Kiswahili, jinsi watu walivyosema. Karatasi zake zilifika mezani pangu siku ya Ijumaa, na sisi kwetu Ijumaa ni siku ya mazishi. Bosi alikuwa ameshavaa kofia ya kwenda kumzika shemeji yake. Aliniambia nitoe tangazo la Kiingereza haraka, atie sahihi, aondoke.

Maandishi ya karani yalisema: baa za mitaani zifungwe saa 5. Namba tu, na duara kuizunguka.

Sisi watu wa huku tunaishi na saa mbili kichwani. Mdomoni, iwe Kiswahili au Kijaluo, tunahesabu tangu kunapokucha na tangu kunapokuchwa, kwa hiyo saa tano ya usiku ni saa tano. Kwenye karatasi tunahesabu kwa Kiingereza, na saa tano hiyohiyo inakuwa kumi na moja, 11.00 p.m. Kila mtu anaruka kutoka hii hadi ile bila kufikiri, kama unavyovua viatu ukiingia nyumbani kwa mtu. Siku ile mimi niliingia na viatu. Nilipiga 5.00 p.m., nikaweka nukta zangu vizuri, nikajisifu moyoni kwa ukurasa usio na doa. Bosi alitia sahihi amesimama. Tangazo likapigwa mhuri, likabandikwa Kondele, likabandikwa Mamboleo, likafika Nyamasaria.

Yaani nilikuwa nimeamuru baa zote ndogo zifungwe saa kumi na moja jioni, king'ora kinapolia.

Sikujua mpaka Jumatano iliyofuata. Nilitoka kazini mapema kidogo, na nilipofika nyumbani nikamkuta Mama mlangoni pa baa akitia kufuli. King'ora kilikuwa kikilia. Wanaume watatu wa kiwandani walisimama nje na vumbi la pamba kwenye nywele, wanamwuliza kuna msiba gani. Mama akawaonyesha karatasi ukutani. Nikaisoma karatasi yangu mwenyewe, nikaiona ile 5.00 p.m.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache: Mama, nimekosea, ni saa tano ya usiku. Lakini nilimwona yule tarishi na mwavuli wake. Nikafikiria sketi zangu za kijivu, na wadogo zangu wawili wa sekondari, na jinsi Mama alivyonitangaza mtaa mzima. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mama alinigeukia akaniuliza kama ndivyo ofisi ilivyosema, kumi na moja jioni.

“Ndivyo sheria ilivyo, Mama,” nikamwambia.

Alinitazama kidogo. “Sawa, nyathina,” akasema, mwanangu, kwa Kijaluo. “Kama ndivyo ilivyoandikwa.”

Akatia ufunguo kwenye kifua cha gauni akaenda kuondoa samaki motoni. Ngege wale tulikula sisi, usiku ule na kesho yake.

Wenye baa wengine hawakujisumbua na karatasi. Walifunga mlango wa mbele wakafungua wa uani, na askari alipopita walimpa cha chai akasonga mbele. Mama alikataa. Kila jioni king'ora kikilia, yeye alikuwa na kufuli mkononi. Mwanzoni wateja walikuja wakamtania, wakamwuliza kama ameokoka. Wiki ya tatu walipita ng'ambo ya barabara bila kugeuza shingo, maana baa ya upande wa pili ilikuwa wazi na ilikuwa imeanza kukaanga samaki. Mimi nilikuwa nikitoka kazini nazunguka njia ndefu ili nisimkute mlangoni. Nilimkasirikia, haki ya Mungu. Nilijiuliza moyoni mwanamke gani huyu anayeogopa karatasi hivi, si afungue tu kama wenzake. Ona akili hiyo. Nimemfungia mtu riziki, halafu namlaumu kwa utii.

Hakupata kuninung'unikia. Aliniuliza jambo moja tu, karibu kila Jumapili, tukitoka kanisani: barua ya kuthibitishwa kazini imekuja?

Ilikuja baada ya miezi miwili na kitu. Niliileta nyumbani kwenye mfuko wa sketi. Mama aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu alikuwa na magamba ya samaki mikononi, akanitaka nimsomee, kisha nimsomee tena.

“Sasa hawawezi kukufukuza?”

Nikamwambia hawawezi hivi hivi. Akachinja kuku. Tulikula kuku siku ya kazi, katikati ya wiki, na wadogo zangu hawakuamini macho yao.

Siku mbili baadaye wenye baa walikuja ofisini, wanawake watano na mzee mmoja, wakamwambia bosi kwa heshima kwamba tangazo lina kasoro. Bosi akaitisha maandishi ya karani, akayatazama, akatazama sahihi yake mwenyewe. Akanitazama na mimi. Kisha akasema mashine za taipu siku hizi haziaminiki. Nikapiga tangazo jipya, 11.00 p.m. Hakulitaja tena mpaka alipostaafu. Nilimshukuru Mungu kwa bahati. Niliiita bahati.

Baa ya Mama haikuinuka. Alifungua jioni, akawasha jiko, akakaa. Watu wa kiwandani walikuwa wamezoea viti vingine. Mwenye nyumba akataka chumba chake ampe fundi wa redio, na mwaka haukuisha kabla friji haijauzwa. Mama akaanza kuuza samaki wa kukaanga kando ya barabara ya Nairobi, Nyamasaria, na karai lake na mwavuli uliochanika, mvua yake na vumbi lake, miaka minane. Moshi ule ndio uliomwingia kifuani. Mimi nilipanda cheo mara mbili. Nilimjengea jiko, nikamnunulia kitanda, nikamletea kila kitu isipokuwa yale maneno machache. Kila nikienda kumwona nilijiambia, leo. Tunakunywa chai, ananiuliza habari za ofisi, nasema nzuri, narudi.

Alikufa katika miaka ya tisini, msimu wa mvua ndefu. Tulimzika nyumbani, ambako ziwa unaliona kutoka mlangoni. Siku ya tatu ya matanga nilikaa nyuma ya nyumba naosha sufuria na jirani yetu wa zamani wa Kondele, mmoja wa wale wanawake watano waliokuja ofisini. Alikuwa shangazi kwetu, si kwa damu, kwa kuishi. Kilio kilikuwa kimenibana siku zote tatu, na pale kwenye majivu na maji ya sufuria kikatoka. Nikamwambia yote. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika ile saa, na Mama amekufa hajui.

Aliacha kusugua. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyechelewa kusema.

“Hajui nini? Tulikuwa naye ukumbini, kiti kwa kiti. Mkono wa kwanza kuinuka kwa saa tano ya usiku ulikuwa wake.”

Sikuwahi kumwuliza Mama kama alikwenda kwenye ule mkutano. Katika miaka yote ile, swali hilo halikunijia.

Shangazi akanieleza taratibu. Karatasi ilipobandikwa walitaka kuja ofisini siku hiyohiyo. Mama ndiye aliyewazuia. Aliwaambia karatasi hiyo inajulikana imepigwa na nani, na huyo yuko kwenye majaribio, wangoje barua yake itoke. Wakamwambia basi naye afungue mlango wa uani kama wao. Akasema akikamatwa atapelekwa kortini, na kortini ataulizwa ni saa ngapi walizokubaliana, na yeye hawezi kuapa halafu adanganye, na akisema kweli kosa langu litafichuka. Kwa hiyo akafunga. Usiku ule wa kuku, nilipokuwa nimelala na barua chini ya mto, alikwenda nyumba kwa nyumba akawaambia sasa wanaweza kwenda.

Nilibaki na sufuria mapajani. Maji yake machafu yalinilowesha nguo ya matanga, na sikusogea.

Alijua. Jioni ile mlangoni, nilipomwambia ndivyo sheria ilivyo, mama yangu alijua kwamba namdanganya, akasema sawa, akatia ufunguo kifuani.