Kisigino cha Getruda Kashinje

Getruda alitoka tumboni ametanguliza miguu, ndiyo maana watu wa Isevya wakamwita Kashinje. Na aliyezaliwa hivyo, kisigino chake ni dawa ya mgongo. Nani asiyelijua hilo? Wapagazi walimjia kutoka Nzega wamejikunja kama mundu, akawapanda, wakaondoka wima kama milingoti. Hata punda wa Mwarabu mmoja alikanyagwa, akainuka kwa miguu ya nyuma akaenda zake sokoni. Punda mwenyewe hajakanusha.

Basi, zama zile Mwingereza bado anatudai kodi, wakamletea Luhende, mbeba nta, kaka wa mumewe. Mgongo ulimsumbua tangu masika, wala hakuna aliyeshtuka. Mpagazi asiyeumwa mgongo huitwa mvivu.

Walimlaza kifudifudi mkekani, ndugu wakamzunguka.

"Shemeji, panda polepole," Luhende akasema. "Mimi si mtama wa kupura."

"Mtama una faida. Nyamaza."

Getruda alianzia miguuni, kama kawaida yake. Akasimama juu ya mashavu ya miguu kwa uzito wake wote, naye hakuwa mwanamke mwepesi. Hapo wanaume wenye ndevu huwaita mama zao. Akangoja.

"Shemeji," Luhende akasema, "mbona huanzi?"

Baridi ikampanda Getruda kutoka kisiginoni. Akashuka, akapiga magoti, akampapasa uti wa mgongo. Katikati mfupa umechomoza kama kifundo cha muwa, na ngozi inachoma kwa homa.

"Ukilala, maumivu yanapungua?"

"Yanazidi."

Swali lililofuata mtu hamwulizi shemeji yake. Aliuliza. "Na mkojo?"

Luhende akaficha uso mkekani. "Tangu jana unatoka wenyewe. Sisikii."

Masolwa, mumewe Getruda, akakohoa. "Kanyaga, mama Josepha. Mara moja tu, kwa nguvu."

"Nikikanyaga, kaka yako atatambaa mpaka kaburini."

"Kisigino chako hakijawahi kushindwa."

"Leo kimekataa. Huu ni mgongo wa daktari. Ng'oa mlango."

Watu wakatazamana. Getruda akaung'oa mwenyewe, mlango wa nyumba yake, maana kwenye machila mtu hujikunja kama ndizi, na mgongo ule haukutakiwa kujikunja hata kidogo. Wakamfunga Luhende juu ya mbao, wanaume wanne wakambeba hadi hospitali ya Kitete, Getruda nyuma yao akiwatukana kila walipoyumba. Daktari wa mifupa alikuta usaha umebana mishipa ya fahamu. Akasema wangechelewa kidogo tu, miguu ingekufa. Hata baada ya kuutoa usaha huo, hakuahidi kitu.

Miezi ikapita. Getruda hakutaka mlango mwingine wala hakupanda mgongo wa mtu. Fisi, wanasema, walipita sebuleni wakitoa salamu.

Siku moja Luhende akatokea kwenye uwazi ule, anaegemea mkongojo. Akapiga hodi. Getruda alimwendea moja kwa moja, akamkanyaga dole gumba kwa kisigino.

"Shemeji, unaniumiza."

Getruda hakuuondoa mguu. "Sema tena," akasema, machozi yakimtiririka.